Kisu cha Kukunja Hupimwa kwenye Kiungo

Mhadhara kwa waongoza watalii, wagumu (wapagazi wa mlimani) na wafanyabiashara wa mitumba, Moshi

Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, habari za mchana. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu na kuja. Najua wengine kesho alfajiri mnatakiwa geti la Machame kupanda Kilimanjaro, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye hoja.

Kuna jambo linaniuma. Kila msimu visu vizuri sana vinashuka mlimani na wageni na kubaki hapa mjini. Mgeni amemaliza safari, anakumbuka kwamba kisu hakiruhusiwi kwenye begi la kuingia nalo ndani ya ndege, basi anamkabidhi mgumu aliyembebea mzigo. Mgumu anakipeleka soko la Memorial, anapewa hela ya chai. Wiki hiyohiyo, hapohapo Memorial, kijana mwingine anatoa pesa nyingi zaidi kununua kisu kipya kinachong'aa, chenye klipu na maandishi makubwa ubavuni. Kabla msimu haujaisha kimelegea, kinamfungia vidoleni. Wamepunjwa wote wawili, na sababu ni moja: kisu kilipimwa kwa mng'ao. Mimi nawaomba mkipime kwa vidole, na mwanzie kwenye kiungo.

Kisu cha jikoni hakina kiungo. Bapa limeingia kwenye mpini, basi. Kisu cha kukunja ni vitu viwili vilivyoshikwa na riveti moja au skrubu moja, na nguvu yote unayoisukuma kwa mkono inapita hapo. Piga hesabu. Sehemu ya bapa inayoshikwa kwenye kiungo, kutoka katikati ya riveti hadi ukingoni, ni kama milimita 4. Kutoka riveti hadi ncha ni kama milimita 80. Hiyo ni mara 20. Fundi akiacha nafasi ya sehemu moja ya kumi ya milimita pale kwenye kiungo, nafasi ambayo jicho halitaiona, ncha itacheza milimita 2. Ndiyo maana nasema kwenye kiungo ndipo fundi anapojulikana. Bapa linaweza kung'arishwa kwa mashine likapendeza macho, lakini kiungo kinataka vipimo, na vipimo ni gharama. Anayetengeneza kisu cha bei rahisi anabana gharama hapo kwanza, kwa sababu anajua mnunuzi hapaangalii.

Sasa fanyeni hivi. Mwenye kisu mfukoni akitoe, akifungue taratibu. Sikilizeni. Kisu cha springi, yaani kile ambacho springi ya mgongoni ndiyo inalishikilia bapa, kikitengenezwa vizuri kinakataa kidogo mwanzoni, kinakuja kwa nguvu iliyo sawa njia nzima, halafu mwisho kinajipiga chenyewe, ta! Kikija kwa kukwaruza, kuna uchafu au kutu ndani. Kikija chepesi chepesi mpaka mwisho bila kujipiga, springi imechoka au haikuwa springi tangu mwanzo. Kikishafunguka, shika mpini kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono mwingine ishike ncha kwa upande wa bapa, usiguse makali. Sukuma kushoto na kulia. Kisha juu na chini. Kucheza kidogo kushoto na kulia kwenye kisu cha zamani kilichofanya kazi kunavumilika. Kucheza juu na chini hakuvumiliki hata kidogo, kwa sababu huko ndiko nguvu inakoelekea unapokata.

Kifunge, ukitazame kwa juu. Bapa linatakiwa kulala katikati ya nafasi yake. Likiwa limeegemea upande mmoja, litaanza kukwaruza ukuta. Halafu elekeza mgongo wa kisu dirishani. Kati ya springi na kuta zake mwanga usipite. Mwanga ukipita, na mchanga utapita, na mchanga wa huko juu mnaufahamu.

Hapa mezani nina visu viwili vyekundu. Kwa mbali ni mapacha. Hiki cha kwanza ni Victorinox halisi. Karl Elsener alianzisha karakana yake kule Ibach, Uswisi, mwaka 1884, mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi la Uswisi visu vya askari, na kisu cha maafisa, ambacho ndicho kimezaa hivi vyekundu, kikasajiliwa mwaka 1897. Hiki cha pili ni feki. Nitawapitishia vyote viwili, ila kabla sijawapitishia nataka muone mkasi tu. Nachukua uzi mmoja nilioufumua kwenye shati. Mkasi wa kisu halisi, naukata uzi kwa ncha kabisa, si kwa katikati. Umekatika. Mkasi wa hiki kingine... mnaona, uzi umejikunja katikati ya meno, haujakatika. Mkasi mdogo ni kiungo ndani ya kiungo. Aliyeshindwa mkasi hawezi kuwa amefaulu kwingine. Mkitaka kumjua feki kwa sekunde kumi, anzieni kwenye mkasi. Baadaye ndiyo angalieni nembo: kwenye kisu halisi imekaa imara na mistari yake imenyooka, kwenye feki mara nyingi ni rangi tu, ukucha unaibandua. Angalieni pia shina la bapa, pale karibu na kiungo, ambapo maandishi yamepigwa ndani ya chuma na yanasomeka vizuri.

Jambo jingine la kisu hiki ambalo linanifurahisha kila nikilieleza. Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Rockwell. Victorinox wanalikaza bapa hadi 56, mkasi na msumeno 53, springi 49. Kwa nini springi ni laini kuliko bapa? Kwa sababu inapinda kila mara kisu kinapofunguliwa, na ikikazwa kama bapa itakatika. Bapa nalo likiwa laini kama springi litakuwa butu kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo ndani ya kitu kinachoenea kiganjani mna chuma kilichochomwa na kupozwa kwa namna tatu tofauti, kila kimoja kwa kazi yake. Hicho ndicho unacholipia. Sisi watu wa Kilimanjaro hili si geni kwetu. Wahunzi wa Mamba, kule upande wa Marangu, wamerithishana kazi ya kufua mikuki na visu baba kwa mwana, na mhunzi yeyote wa kule atakwambia kwamba chuma kizuri kilichochomwa vibaya ni chuma kibaya.

Ndiyo maana sitaki mdanganyike na maandishi. Kisu kikiandikwa "Stainless" peke yake, kimekwambia tu kwamba hakishiki kutu kwa urahisi. "Surgical steel" si daraja la chuma, ni tangazo. "440", ambayo ni namba ya aina ya chuma, bila herufi nyuma yake haitoshi, kwa sababu kuna 440A, 440B na 440C, na hazilingani. Yale mapambo ya mawimbi wanayoita Damascus, yafuateni mpaka mgongoni na mpaka karibu na makali. Ya kweli yanazunguka, kwa sababu ni tabaka za chuma chenyewe. Yaliyochorwa kwa asidi au leza yanaishia ubavuni. Hata jina kubwa si dhamana: Laguiole ni kijiji cha Ufaransa, jina lake limebandikwa kwenye visu vya ubora wa kila aina, vingi havijawahi kuiona Ufaransa.

Chuma utakijua ukikifanyisha kazi. Nunua kipande cha kamba ya katani, hiyohiyo ya kufungia mizigo. Noa kisu mpaka kikate karatasi bila kuichana, kisha kata kamba vipande ishirini, halafu rudi kwenye karatasi. Kikiendelea kukata safi, una kisu. Kikishindwa, yaelekeze makali juani. Makali yaliyo hai hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona mstari mweupe unang'aa, hapo pamekufa. Yakiwa yamelala upande, chuma ni laini. Yakiwa yamemeguka vipande vidogo, chuma ni kigumu mno au yamenolewa kwa wembamba uliopitiliza.

Hiki cha mpini wa mti ni Opinel, kazi ya Joseph Opinel wa Savoie, Ufaransa, tangu mwaka 1890. Namba 8, bapa la sentimita 8 na nusu. Kina vipande vitano tu: bapa, mpini, riveti, kola (pete ya chuma isiyozunguka, shingoni mwa mpini), na pete ya kuzungusha inayolizuia bapa lisijifunge, ambayo iliongezwa mwaka 1955. Wengi mnakidharau kwa sababu ni chepesi na kinaonekana cha kishamba. Naomba msikidharau. Bapa lake ni jembamba, linaingia kwenye nyanya na kwenye nyama kuliko visu vingi vya bei mara tano yake. Kasoro yake mtaikuta msituni, siku ya kwanza ya Machame, mvua ikinyesha: mti unavimba, bapa linabanwa, halifunguki. Hicho kisu si kibovu. Kikaushe taratibu mbali na jiko, kitarudi. Ila kama bapa lako ni la kaboni, lifute kabla hujalala. Rangi ya kijivu au bluu iliyofifia baada ya kukata embe au limau haina madhara. Kutu nyekundu inakula chuma.

Na Okapi. Wazee naona mnatabasamu. Kisu hiki chenye mwezi na nyota mpinini kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya soko la makoloni ya Kijerumani ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo. Siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Chuma chake ni cha kaboni, kinashika kutu, kiungo chake hakina ulaini wa Uswisi. Lakini kinanoleka kwa jiwe lolote, kina loki ya pete, na ni rahisi. Kwa kazi ya shambani naweza kukipendekeza mbele ya vile vya klipu vinavyong'aa bila kusita.

Kuhusu loki, neno moja kwa wagumu hasa, maana mnafungua makopo na kukata kamba mikono ikiwa na ganzi ya baridi. Kisu chekundu cha kawaida cha Uswisi hakina loki. Springi peke yake ndiyo inalishikilia bapa. Usikichome kwenye kitu kigumu. Kama kisu chako kina loki ya bamba linaloruka kutoka ubavuni, angalia linapogusana na shina la bapa. Likishika upande wa karibu na kwenda kama nusu, ni sawa. Likiwa limevuka mpaka ukuta wa pili, limekwisha. Weka vidole mbali na njia ya bapa, kandamiza mgongo wa kisu kwa kiganja. Loki ikiachia, usikitumie tena.

Sasa bei, na hapa nazungumza na akina mama na kaka zangu wa Memorial. Kisu kilichotumika msikipeleke kwa mwenye mashine ya kunolea ya baiskeli ili kipendeze. Jiwe linalozunguka kasi linachoma makali. Ukiona alama ya bluu au kahawia karibu na makali, ugumu umeondoka pale, na haurudi mpaka chuma kile kiondolewe chote. Tena mashine inakula upana. Linganisheni bapa na nafasi yake: ncha ikianza kuchomoza nje kisu kikiwa kimefungwa, kimenolewa mpaka umri wake umepungua, na bei ipungue. Bapa likiwa na upana wake kamili, kiungo kikiwa kimya, makali yakiwa butu, hicho ni kisu cha bei nzuri. Butu ni kazi ya nusu saa kwenye kinoo. Kiungo kilichokufa ni jambo jingine kabisa. Na cha zamani sana, msikisugue kwa msasa ili king'ae. Mnunuzi anayejua anataka kuona umri wake, na maandishi ya shinani mkiyafuta mmefuta nusu ya thamani.

Dada pale mbele ameuliza swali zuri: kiungo kikishalegea, kinatengenezeka? Inategemea kimefungwa na nini. Cha skrubu, kaza kidogo kidogo, robo ya mzunguko, ujaribu kila mara, kwa sababu ukikaza sana kinakataa kufunguka. Cha riveti iliyo wazi, kama Okapi, kiweke juu ya chuma tambarare, kigonge kichwa cha riveti kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi kuzunguka ukingo wake, kisha tone la mafuta ya cherehani. Chekundu cha Uswisi riveti zake zimefichwa chini ya plastiki, usigonge, utaivunja. Na kama tundu la bapa lenyewe limelika likawa yai, hakuna fundi wa kulirudisha. Hicho muuzie mtu kama chuma chakavu na umwambie ukweli.

Haya, sogeeni mezani na visu vyenu. Mzee, tuanze na hiyo Okapi yako.