Nilitaka kuzeekea mlimani, pumzi ikagoma

Subirini... nikae kwanza. Nimepanda ngazi kumi na mbili tu kutoka kwenye gari na moyo unapiga kama nimekimbizwa na mbwa. Haya. Hamjambo huko nyumbani? Leo niko Leadville, jimbo la Colorado, huku Marekani, karibu mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Mimi na mama watoto tumekuja kutafuta pa kustaafia. Mmeniuliza sana, kwa nini mlimani? Joto, ndugu zangu. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi kama 6 na nusu. Ndicho kilichonileta.

Sasa tazameni huu mfuko wa biskuti. Niliununua jana kule bondeni ukiwa umenywea. Leo umevimba kama mpira, na hakuna aliyeupuliza. Hewa ya ndani ni ileile, ila ya nje iliyokuwa ikiubana imepungua. Huku juu mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa pwani. Watu husema milimani hakuna oksijeni. Ipo, asilimia 21 kama kwenu, ila hewa yenyewe ni nyepesi. Unavuta pumzi nzima, unachopata hakifiki hata robo tatu.

Basi usiku wa kwanza nikalala fofofo, nilivyodhani mimi. Saa tisa mama watoto ananitikisa: "Mzee! Mzee, unaacha kupumua!" Anasema alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi, kimya. Halafu nashtuka navuta hewa kama mtu aliyeibuka majini, kisha kimya tena. Maskini, hakulala mpaka kunakucha. Kumbe ni jambo linalojulikana, huwapata wageni wengi wa milimani, hata vijana wenye afya. Usiku wa tatu likapungua. Lakini mimi sikuja likizo ya siku tatu! Natafuta mahali pa miaka ishirini, Mungu akinijalia, na presha yangu hii na magoti haya.

Hapo ndipo nilipobadili hesabu. Nilikuwa nachagua kwa macho: ziwa, misonobari, kilele chenye theluji. Sasa nachagua kwa kitanda. Nitalala mita ngapi? Mchana panda utakako, piga picha, shuka. Usiku ndio unaokupima. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia kama mita 2,500, basi mimi nimejiwekea mpaka wangu 1,800. Na wenye sikoseli, nawaomba mnisikilize, hata wewe uliyerithi kwa mzazi mmoja tu na huumwi: wengu unaweza kuumia huku juu. Si kwa kila mtu, lakini muone daktari kabla ya kukata tiketi.

Halafu barabara. Dalali atakuonyesha baraza na mandhari. Mwambie akuonyeshe njia ya kutokea. Mji wa Paradise, California, ulikuwa umejaa wastaafu waliofuata utulivu wa vilima. Novemba 2018 moto ukaja asubuhi, barabara za kushuka zikasongamana magari. Watu 85 walikufa katika moto ule, wengi wao wazee. Moto hupenda kupanda mlima, sisi tunataka kushuka. Na msidhani kwenye mvua nyingi ndiko salama: Asheville, North Carolina, ilipigwa na kimbunga Helene Septemba 2024, na maji ya bomba yalikaa zaidi ya siku 50 bila kufaa kunywa. Mji mkubwa huo, si kijiji.

Upande wa mteremko nao una maneno yake. Huku kaskazini mwa dunia, nyumba inayotazama kusini hupata jua la kipupwe. Inayotazama kaskazini, barafu inakaa mlangoni kama mpangaji asiyelipa. Na bondeni chini kabisa si kwenye joto kama mnavyofikiri, maana usiku hewa baridi huteremka na kutuama kama maji. Katikati ya mteremko ndiko kuzuri.

Jana tumetembezwa nyumba moja, chini zaidi ya hapa. Mita 1,750, nikafurahi. Mama watoto kaipenda papo hapo, ina dirisha linalokula ukuta mzima. Barabara moja tu, inapita darajani. Inatazama kaskazini. Nikamuuliza dalali, theluji ya hapa mlangoni huyeyuka mwezi gani? Akaangalia simu yake.

Kwa hiyo hatununui. Februari tunarudi, tunapanga mwezi mzima palepale, tuone gari linatokaje na hospitali iko dakika ngapi barafu ikishika. Mama watoto amenuna kidogo, atanielewa.

Haya, ngoja nishuke nikalete begi la pili. Ngazi kumi na mbili.