Wapagazi Nao Wana Majina

Wazee wangu, ndugu zangu, kila Julai 25 tunawekea mashujaa wetu mkuki, ngao na mashada ya maua. Ni jambo jema. Lakini nitasema tena nililokwisha kulisema mara nyingi: wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Waingereza walipopigana na Wajerumani hapa kwetu, tumewasahau.

Tupige hesabu. Ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo mizigo ikapanda vichwani mwa watu. Chukua mpagazi mwenye kilo 25 za unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Akienda mwendo wa siku kumi, amekula kumi. Kurudi, kumi nyingine. Askari aliye mbele anapata kilo tano. Ongeza siku tatu tu za safari, hafikishi kitu! Ndiyo maana kila kikosi kiliposonga mbele, vijiji vilifagiliwa wanaume.

Na unga wenyewe ulikuwa wa mahindi, wa chenga. Unataka maji mengi na moto wa muda mrefu. Mtu amefika kambini usiku, kuni zimelowa, mvua za Rufiji za 1917 hazikatiki. Anakula ugali mbichi. Tumbo likaanza kuhara damu. Kuhara, malaria na nimonia viliua wapagazi wengi kuliko risasi. Kwa upande wa Uingereza peke yake, wanahistoria wengi wanataja vifo karibu 95,000.

Kuna atakayesema vita ile ilikuwa ya Wazungu, inatuhusu nini? Waliokufa ni babu zetu, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Warithi wengi hawakupata hata mshahara wa marehemu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakuandikwa majina popote. Sasa sisi tunangoja nani?

Nendeni kwa wazee wenu mwezi huu. Andikeni jina la mpagazi, la baba yake, ukoo, kijiji, jumbe (mkuu wa kijiji) aliyemtoa, njia aliyopita, na kama alirudi. Kipande chake cha chuma, kile cha utambulisho chenye namba yake, kikiwepo, nakilini namba, kisha kirudisheni kwa mwenyewe. Pale wazee wawili wanapotofautiana, andikeni kauli zote mbili.