Gazeti linaloitwa Sikio

Haya jamani, wa kule nyuma mnanipata? Wahenga walisema sikio halilali na njaa, na leo nawaletea gazeti la Uholanzi ambalo jina lake ndo hilohilo, OOR, yaani sikio kwa Kiholanzi, lilianzishwa Amsterdam na Barend Toet na wenzake, toleo la kwanza tarehe 1 Aprili 1971, na mpaka leo lipo. Miaka zaidi ya 50 ya kuandika habari za muziki!

Ila ukianzia 1971 utakuwa umeruka mzazi. Mwaka 1965 Willem de Ridder na Peter J. Muller walitoa Hitweek, na hapo ndo vijana wa Uholanzi walipata gazeti linaloongea kama wao, maneno mengine yanaandikwa vile yanavyotamkwa mtaani, walimu shuleni sijui walijisikiaje. 1969 likabadilika likawa Aloha, la mahipi kabisa, 1974 likaishiwa pumzi na OOR ndo ikalichukua. Kwa hiyo OOR ilirithi na wasomaji na ule ujeuri.

Sasa mjiweke kwenye nafasi ya kijana wa wakati ule, yuko kijijini kaskazini huko, hela ya santuri moja anaikusanya wiki kadhaa, redio inapiga nyimbo zinazouza tu, hakuna sehemu ya kwenda kusikiliza albamu nzima kabla hajainunua, basi kila baada ya wiki mbili linaingia hili gazeti, kurasa kubwa za karatasi ya gazeti kweli sio jarida la kung'aa, anasoma jinsi albamu inavyosikika kabla hajaisikia. Mnaona uzito wake? Mwandishi anakuazima sikio lake. Akikudanganya mara mbili, ya tatu humwamini tena, na hela yako imeshaenda. Ndo maana mimi nasema uhakiki wa muziki ni kazi ya uaminifu, na OOR waliichukulia hivyo, mahojiano marefu, mtu anaulizwa habari za muziki wake sio anapenda chakula gani. Baadae wakatoa hadi ensaiklopidia ya pop, kitabu kinene ambacho watu walikirudia toleo baada ya toleo maana intaneti ilikuwa bado.

Halafu picha. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Anton Corbijn, kazaliwa 1955 Strijen, mtoto wa mchungaji, alianza kupiga picha za bendi akiwa kijana tu, na miaka ya 70 akawa mpiga picha mkuu wa OOR. Nyeusi na nyeupe, zina chembechembe, msanii hachekei kamera, anaonekana kama mtu mwenye mawazo yake. Kwenye karatasi ile ya bei rahisi picha za namna hiyo zilikaa vizuri sana, kwangu mimi ndo zimelipa gazeti sura yake kuliko kichwa cha habari chochote.

1979 akahamia London, hakuitwa na mtu, alizipenda nyimbo za Joy Division, bendi ya Uingereza, akataka awe karibu na zilikotoka. Akawapiga picha kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi, watatu wamempa mgongo, mwimbaji wao Ian Curtis peke yake kageuka kuangalia nyuma.