Daraja Likijengwa, Feri Huenda Wapi? Majibu Kutoka Visiwa vya Japani

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu mnaonitazama kutoka Mombasa, Kwale, Lamu na kwingineko. Leo nazungumza nanyi nikiwa juu ya sitaha ya feri inayotoka bandari ya Uno, mkoani Okayama, kwenda kisiwa cha Naoshima, na kwa kuwa safari yenyewe ni ya dakika 20 tu, sina nafasi ya kupiga porojo. Wengi wenu mmekuwa mkiniandikia kuhusu daraja la Mombasa Gate, la kuvuka mlango wa bahari wa Likoni, ambalo Kenya imekuwa ikilipanga kwa ushirikiano na Japani, na mnauliza swali lile lile kwa maneno tofauti: daraja likisimama, feri ya Likoni itabaki au itakufa? Hapa Japani wamejenga madaraja juu ya bahari kwa miongo kadhaa, na kila mlango wa bahari umelijibu swali hilo kwa namna yake, kwa hiyo nimeona nivuke nanyi huku nikiwaeleza.

Kwanza tazameni chombo chenyewe. Chini yangu kuna malori ya mizigo, magari ya familia na baiskeli. Huku juu kuna ukumbi wenye viti ambamo abiria wa miguu wanakaa bila kuchanganyika na magari. Nauli ya gari hukatwa kwa urefu wake kwa mita, na mara nyingi nauli ya dereva huwa imo ndani yake, ilhali abiria wengine hulipa kila mtu kivyake. Kule Miyajima, karibu na Hiroshima, ambako mvuko ni wa dakika 10 hivi, feri zina mlango wa chuma mbele na nyuma kama zile za Likoni, ili gari liingie upande mmoja na kutokea wa pili bila kurudi kinyumenyume. Kwa hiyo msidhani kwamba hapa kuna ufundi wa ajabu usiojulikana kwetu. Kinachonivutia mimi ni ratiba: feri hupangwa kwa kutazama treni zinazofika stesheni ya Uno, iliyo hatua chache kutoka gatini, na dakika iliyoandikwa ukutani ndiyo dakika ambayo kamba hufunguliwa.

Bandari hii tunayoiacha nyuma yetu ina historia nzito. Mwaka 1910 shirika la reli la taifa lilianzisha hapa njia ya meli kwenda Takamatsu, mji ulioko ng'ambo katika kisiwa kikubwa cha Shikoku. Safari ilichukua kama saa moja, na meli za njia hiyo zilikuja kujengewa reli ndani yake, hata mabehewa mazima ya mizigo yakawa yanasukumwa kutoka nchi kavu hadi tumboni mwa meli, kisha yanatolewa upande wa pili na kuendelea na safari. Wazee wa Takamatsu wanaozikumbuka meli hizo huanza na tambi nene za udon zilizouzwa sitahani, ambazo abiria waliokuwa wakirudi nyumbani walizikimbilia mara tu meli ilipong'oa nanga, kwa sababu ladha ile iliwaambia kwamba wamekwisha kufika kwao hata kabla ya kukanyaga ardhi.

Lakini tarehe 11 Mei 1955, katika ukungu mzito wa asubuhi, meli mbili za njia hiyo hiyo ziligongana karibu na Takamatsu. Moja yao, iliyoitwa Shiun Maru, ilizama kwa dakika chache na kuua watu 168, na 100 kati yao walikuwa wanafunzi waliokuwa katika safari za shule. Miezi minane hivi kabla ya hapo, Septemba 1954, meli ya Toya Maru ilikuwa imezamishwa na kimbunga kule kaskazini, karibu na Hakodate, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Sisi tunaoikumbuka feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyopinduka na kuwaua watu 272, hatuhitaji kuelezwa jambo kama hilo linauachaje mji. Huku Japani misiba hiyo miwili ilikuwa na matokeo yanayoonekana hadi leo. Shule nyingi zilianza kujenga mabwawa ya kuogelea na kuwafundisha watoto kujiokoa majini, na madai ya wananchi kwamba wavushwe kwa daraja au kwa njia ya chini ya bahari yakapata nguvu ambayo serikali haikuweza tena kuipuuza.

Ilichukua zaidi ya miaka thelathini. Mnamo Machi 1988 treni zilianza kupita katika handaki la chini ya bahari la Seikan, kule kaskazini ilikozama Toya Maru, lenye urefu wa karibu kilomita 54, na tarehe 10 Aprili mwaka huo huo likafunguliwa Daraja Kuu la Seto, ambalo kwa hakika ni mfululizo wa madaraja yanayorukaruka juu ya visiwa vidogo, magari yakipita ghorofa ya juu na treni ghorofa ya chini. Meli kubwa za shirika la reli ziliacha kazi mara moja, jambo ambalo halikumshangaza mtu, kwani treni sasa ilikwenda moja kwa moja hadi Takamatsu.

Linaloshangaza ni kwamba feri za magari za kampuni binafsi, zilizopita kati ya Uno na Takamatsu usiku na mchana, hazikufa. Ziliendelea kwa miaka mingine 31! Sababu ilikuwa tozo. Kupita darajani kwa gari kuligharimu maelfu ya yeni kwa mwelekeo mmoja, na madereva wa malori, ambao huhesabu kila yeni na ambao kanuni za kazi zinawataka wapumzike, waliona afadhali walipe feri, walale saa moja na waamke wamefika. Pigo lilikuja Machi 2009, serikali ilipoamua kwamba wikendi na sikukuu gari dogo lenye kifaa cha kulipia kielektroniki lingetozwa yeni 1,000 tu, hata kama limekwenda mbali kiasi gani katika barabara kuu za mikoani. Kampuni za feri hazikuwa na namna ya kushindana na bei iliyobebwa na hazina ya taifa. Moja baada ya nyingine zilijiondoa, na mnamo Disemba 2019 ya mwisho ikasimamisha safari zake. Ndiyo maana huwaambia watu kwamba feri ya Uno na Takamatsu haikuuawa na daraja; iliuawa na karatasi iliyotiwa saini Tokyo. Wapo watakaosema kwamba matokeo ni yale yale, lakini kwa mpangaji wa usafiri tofauti hiyo ni kubwa sana.

Mashariki ya hapa, kati ya mji wa Akashi na kisiwa cha Awaji, hesabu ilikwenda hivyo hivyo, ila kwa upande mmoja tu. Daraja la Akashi Kaikyo, lililofunguliwa Aprili 1998, lina urefu wa mita 3,911, na kwa zaidi ya miaka ishirini hapakuwa na daraja duniani lililokuwa na nafasi pana zaidi kati ya minara yake miwili. Feri ya magari iliyokuwa ikipita chini yake ilisimama mwaka 2010, baada ya tozo kushuka. Hata hivyo boti ya abiria inavuka mpaka leo kwa dakika 13, kwa sababu darajani hairuhusiwi kupita kwa miguu wala kwa baiskeli. Mwanafunzi wa Awaji anayesoma Akashi, bibi anayekwenda kumwona daktari wa macho na kijana asiye na leseni ya kuendesha gari wote hulitazama daraja hilo la fahari juu ya vichwa vyao wakiwa ndani ya boti.

Onomichi nako mambo yamegeuka kwa namna ya kuchekesha. Mlango wa bahari kati ya mji huo na kisiwa cha Mukaishima ni mwembamba kiasi kwamba unamwona mtu wa ng'ambo akianika nguo zake, na daraja la kwanza lilijengwa tangu mwaka 1968. Feri ndogo za dakika tano zimepungua, lakini hazijaisha. Wanafunzi husimama na baiskeli zao pembeni mwa magari, na katika baadhi ya vyombo baharia huzunguka akipokea sarafu mkononi. Kisha mwaka 1999 ikafunguliwa Shimanami Kaido, barabara inayounganisha visiwa kadhaa hadi Shikoku na yenye njia ya baiskeli ya kilomita 70 hivi, ambayo sasa huwavuta wageni kutoka pembe zote za dunia. Daraja la Onomichi lenyewe ni jembamba na si salama kwa waendesha baiskeli, hivyo wageni hao hushauriwa kuanza safari yao kwa feri. Njia iliyojengwa ili watu wasihitaji tena vyombo vya majini ndiyo inayoviletea abiria.

Visiwa visivyo na daraja kabisa, kama hiki cha Naoshima tunachokikaribia, viko katika hali nyingine. Humo feri ndiyo barabara, na inabeba kila kitu: mitungi ya gesi, saruji, barua na magari ya kubebea takataka. Tangu mwaka 1953 Japani ina sheria ya kuendeleza visiwa vya mbali, na njia nyingi za meli zinazopata hasara hufidiwa na serikali kuu pamoja na mikoa na miji, madhali wakazi hawana njia nyingine ya maana ya kufika kwao. Naoshima ina bahati, kwa kuwa upande wa kaskazini kuna kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Mitsubishi tangu mwaka 1917, na upande wa kusini kuna majumba ya sanaa ya kisasa. Wafanyakazi na watalii kwa pamoja wanaijaza feri. Kwingineko wakazi wamezeeka na vijana wamehama, abiria wanapungua, na mabaharia wenyewe wanastaafu bila kupatikana wa kuwarithi, hata ratiba zinapunguzwa kwa kukosa watu wa kuendesha chombo. Lakini visiwa vyote havielekei huko. Ogijima, ambacho ni dakika 40 kwa feri kutoka Takamatsu, kilikuwa kimefunga shule yake kwa kukosa watoto, kisha ikafunguliwa tena mwaka 2014 baada ya familia kadhaa kurudi, baadhi zikiwa zimevutiwa na tamasha la sanaa la visiwa hivi lililoanza mwaka 2010.

Sasa nije kwenye mfano unaotuhusu sisi zaidi, na huu hauko visiwani bali ndani ya jiji la Osaka. Jiji hilo limekatwakatwa na mito ambamo meli hupita, na linaendesha vivuko vinane ambavyo mtu wa miguu au mwenye baiskeli havilipii hata senti moja. Vimekuwa vya bure tangu mwaka 1920, kwa msingi kwamba kivuko ni sehemu ya barabara ya umma, na barabara ya umma hailipiwi. Mwaka 1973 daraja la Senbonmatsu lilijengwa juu ya mto Kizu, na kwa kuwa lilipaswa kuwa refu kwenda juu ili meli zipite chini yake, njia za kulipanda zilizungushwa kama miwani pande zote mbili. Kivuko cha pale kilitarajiwa kufungwa. Wakazi walikataa, wakasema kwamba mzee au mama mwenye mtoto hawezi kupanda mzunguko ule kila siku kwa ajili ya kwenda ng'ambo anayoiona kwa macho, na mpaka leo boti inavuka chini ya daraja hilo.

Likoni nako daraja haliwezi kuwa chini, kwa sababu meli zote za Kilindini zitapita hapo. Daraja la juu kiasi hicho huhitaji njia ndefu za kupandia, na njia ndefu haimfai mtu anayekwenda kwa miguu kutoka Likoni kuingia kazini kisiwani. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba magari yatahama na watu wa miguu watabaki, na watakuwa malaki kwa siku. Hapo ndipo penye ugumu: watu wa miguu wa Likoni huvuka bure, wanaolipa ni wenye magari. Wenye magari wakihamia darajani, mafuta ya feri, matengenezo na mishahara ya mabaharia vitalipwa na nani? Osaka imekwisha kuyaweka hayo katika bajeti ya jiji, pamoja na lami na taa za barabarani. Hapa Uno wenye kampuni waliachiwa wajitegemee, na mmesikia yaliyowapata. Kama kuna mkutano wa wananchi kuhusu daraja mtaani kwenu, liulizeni swali hilo kabla ya kuuliza rangi ya nguzo, na mtakayojibiwa niandikieni hapo chini.

Chombo kimeanza kupunguza mwendo, na tangazo linawataka wenye magari washuke chini na kurudi ndani ya magari yao. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa Kagoshima, ambako jiji lenyewe linaendesha feri ya dakika 15 hadi chini ya mlima wa volkano wa Sakurajima, usiku na mchana, na nitawaeleza namna wanavyoendelea kuvuka majivu yanapoanguka.