Mpira Ukiwa Hewani, Mchambuzi Anyamaze

Mbukwenyi! Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mlionisikia pale Chang'ombe mnajua nitaanzia wapi, na leo naanzia palepale, maana tatizo bado lipo: wachambuzi wa hisa wanaopiga kelele kabla soko halijafungwa.

Mmewahi kutazama tenisi kwenye televisheni? Si lazima ujue sheria zake, tega sikio tu. Mchezaji anapojiandaa kuanzisha mpira, refa aliyekaa kwenye kiti kirefu anaomba utulivu na uwanja mzima unanyamaza. Mtangazaji naye ananyamaza. Mpira unaenda, unarudi, unasikia mpaka viatu vinavyokwaruza chini. Pointi ikishapatikana ndipo mtangazaji anafungua mdomo.

Sasa fungua kundi la WhatsApp la hisa saa tano asubuhi. "Inapanda! 505! Aah, imegonga wavu, 495! Inarudishwa, 510, jamani 510, nani yumo ndani?" Soko halijafungwa, mpira uko hewani, na mchambuzi ameshamkabidhi mtu kombe! Mnacheka, sawa, chekeni. Mimi linanikera, na sababu ni mama yangu mkubwa.

Mama mkubwa ni mwalimu mstaafu, anakaa Nkuhungu, na ana ekari mbili za zabibu kule Hombolo. Sehemu ya kiinua mgongo chake alinunulia hisa za benki moja. Kila mwaka gawio, yaani sehemu ya faida ambayo benki inawagawia wenye hisa, likiingia analipa vibarua wa shambani, anabakiza kidogo, maisha yanaenda. Mwaka mmoja daftari la wanahisa, ile orodha ya watakaopata gawio, likafungwa siku ya Ijumaa. Jumatatu bei ikaonekana imeshuka.

Hapa naomba tuende taratibu, hata kama mwenyekiti anaangalia saa. Chukueni mfano wa hisa ya shilingi 500 yenye gawio la shilingi 40. Daftari likishafungwa, anayenunua leo hapati ile 40. Sasa kwa nini alipe 500? Atataka kulipa 460 au karibu na hapo. Kuna mtu ameibiwa? Hakuna. Ile 40 iko njiani kwenda kwa mwenye jina kwenye daftari, ikishakatwa kodi ya zuio. Imetoka kwenye hisa yako inaingia mfukoni mwako. Lakini mchambuzi akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi: "Imeporomoka! Tokeni, tokeni!" Mama mkubwa akampigia dalali, akauza zote, na kamisheni akalipa.

Nilipofika kwake nikamuuliza, "Mama, ilikuwaje?" Akanijibu, "Mwanangu, yule kijana alikuwa anahema."

Mmesikia? Hakuuza kwa sababu ya mizania wala faida ya benki. Aliuza kwa sababu kijana asiyemjua alikuwa anahema kwenye simu!

Kwenye tenisi, gemu ya kwanza ikiisha wachezaji wanabadilishana upande, kisha baada ya ya tatu, ya tano, hivyo hivyo. Aliyekuwa kushoto mwako sasa yuko kulia. Mtu aliyetoka kwenda kuchota maji akirudi atasema yule wa kushoto amekuwa hodari ghafla. Hakuna kilichotokea, baba, wamehama upande tu. Bei kushuka baada ya daftari kufungwa ni kuhama upande. Nikamuuliza mama, "Mizabibu yako ukishavuna na kuipogoa, inafananaje?" Akasema, "Kama kuni." Nikasema, "Na umewahi kuing'oa kwa sababu hiyo?" Akanyamaza. Afadhali angenifokea, ule ukimya ninao mpaka leo.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema, kwa hiyo tuzibe masikio hata kampuni ikifa? Sijasema hivyo. Nasema sikilizeni refa, na refa wetu ni taarifa ya fedha. Benki zetu zinachapisha hesabu zao magazetini kila robo mwaka, hadharani, bei ya gazeti tu. Tazama faida, tazama mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji hawairejeshi inavyotakiwa. Mikopo chechefu ikipanda robo tatu mfululizo na faida inashuka, uza, sitakushika shati, hata kama siku hiyo bei inacheka.

Mwingine ananiambia, hisa yangu imekufa, mwezi mzima bei haijasogea. Kwenye mashindano ya tenisi ya Wimbledon mwaka 2010, John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza mechi ya saa 11 na dakika 5, ikagawanyika siku tatu. Seti ya mwisho, yaani awamu ya mwisho ya mechi, ilipofika gemu 47 kwa 47 ubao wa matokeo ukakwama, haukuwa umetengenezwa kuhesabu zaidi ya hapo. Mchezo haukusimama. Refa, Mohamed Lahyani, alikuwa kwenye kiti chake akihesabu, mpaka Isner akashinda 70 kwa 68. Soko letu la Dar es Salaam, tangu TOL, watengenezaji wa gesi, iwe kampuni ya kwanza kuorodheshwa mwaka 1998, lina hisa zinazopita siku nyingi bila mtu kuuza wala kununua. Bei unayoiona kwenye Hisa Kiganjani, ile programu ya simu ya soko, ni ya mara ya mwisho watu wawili walipokubaliana. Ubao umekwama, kampuni inaendelea kuzalisha. Ila kuna jambo la kweli hapo na silifichi: ukitaka kuuza, mnunuzi unaweza kumsubiri sana. Ada ya mtoto ya Januari usiiweke kwenye hisa. Usiiweke!

Nimeonyeshwa kikaratasi cha dakika mbili. Basi haraka. Fainali ya wanaume Wimbledon 2019, Roger Federer alipata pointi 218, Novak Djokovic 204. Kombe akachukua Djokovic, kwa sababu alipata zile za kuamua seti. Kwa hiyo mchambuzi akijisifu kwamba amepatia hisa tisa kati ya kumi, muulizeni ile ya kumi aliwaambia watu waweke shilingi ngapi.

Hatifungani, yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba, tutaziacha, nitazirudia tukikutana tena. Pale mezani, karibu na birika la chai, nimeweka nakala 20 za gazeti lenye hesabu za benki za robo iliyopita. Nimezungushia duara mstari wa mikopo chechefu. Kaeni wawili wawili, msome, mtu mwenye miwani amsomee mwenzake. Na simu, tafadhali, ziwe kimya.