Daftari Lisilo na Siku Mbaya

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana wa mwaka wa tatu, mambo? Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, kisha akaninong'oneza kwamba pilau limeshafika. Harufu imenifikia hata mimi. Nitajitahidi.

Nianzie buchani, maana mjomba wangu alikuwa na bucha na huko ndiko nilikolijua somo hili la kujua kama kipimo cha maabara kinasema kweli, kabla sijagusa darubini. Mizani mbovu ziko za namna mbili. Ya kwanza ukiiwekea kilo moja ya nyama inakwambia kilo na robo. Itoe, irudishe: kilo na robo. Njoo kesho: kilo na robo. Ya pili inasema gramu 900, halafu 1,100, halafu kilo kamili, na nyama ni ile ile. Ya kwanza inapunja, lakini ukishaijua tabia yake unaitolea robo yake kichwani na maisha yanaendelea. Ya pili huna la kuifanya. Ndiyo maana watu wa Wakala wa Vipimo wakija buchani hawamuulizi mwenye mizani anaionaje mizani yake. Wanatoa mawe yao, ambayo uzito wake unajulikana, wanayaweka, wanasoma.

Mashine zetu za sukari, za figo, za FBP (picha kamili ya damu), zinaugua maradhi hayo hayo mawili. Kuna inayoegemea upande na kuna inayoyumba, na iliyochakaa hufanya yote. Tofauti yetu na bucha ni kwamba ofisa hapiti kila asubuhi. Jiwe tunaliweka wenyewe na jibu la jiwe tunaliandika wenyewe. Hapo ndipo penye mtihani, na nitaparudia.

Kwanza tuzungumze kuhusu namba zinazotupumbaza. Nani humu hajawahi kusikia mtu akisema "nimepima, nina malaria na taifodi"? Naona hakuna mkono. Hiyo taifodi, homa ya matumbo, mara nyingi imetoka kwenye kipimo cha Widal. Fernand Widal alikitangaza huko Ufaransa mwaka 1896, kwa hiyo kina umri mkubwa kuliko babu wa kila mtu aliyekaa humu, na bado kiko dirishani kwetu kama kitu cha jana.

Mwaka 2010 ilichapishwa kazi iliyofanyika kwenye hospitali moja ya vijijini hapa hapa Tanzania. Watoto 1,680 waliolazwa walipimwa Widal, na damu yao ikaoteshwa pia ili kumtafuta bakteria mwenyewe. Kuotesha kulimpata kwa watoto 16 tu, kama asilimia 1. Widal iliwatambua asilimia 75 ya hao 16. Na kwa watoto ambao hawakuwa na ugonjwa, ilisema kweli kwa asilimia 98.

Asilimia 98! Mwanao akirudi na 98 kwenye hesabu si unachinja kuku? Mwakilishi wa kampuni akikuletea kijikaratasi chenye 98 unatia saini amesimama. Basi chukueni kalamu tuhesabu pamoja, msiniamini mdomoni. Robo tatu ya 16 ni 12. Hao ndio wagonjwa wa kweli walioambiwa chanya. Wasio na ugonjwa ni 1,664. Kipimo kinawakosea asilimia 2 yao, na asilimia 2 ya watu wengi ni watu: kama 33 hivi. Jumla ya karatasi zenye neno "chanya" ni 45, na kati yake za kweli ni 12. Yaani katika kila watoto wanne waliopewa jibu la chanya, karibu watatu hawakuwa nao. Na hao watatu wamekunywa antibiotiki, na kilichowalaza hasa bado kiko mwilini kinaendelea na shughuli zake.

Kipimo hakikuharibika. Asilimia 98 ilikuwa ya kweli. Kilichobadilisha maana yake ni uchache wa ugonjwa katika watu waliopimwa. Kipimo hicho hicho ukikipeleka kwenye mlipuko, ambako nusu ya wanaougua wanao kweli, jibu la chanya litakuwa na uzito mwingine kabisa. Kwa hiyo mtu akikuuliza "hiki kipimo ni kizuri?", swali halijakamilika. Kizuri kwa nani, wakiwa wangapi?

Niseme pia, kwa haki ya Widal, kwamba hakimu tuliyemtumia hapo naye ana kasoro. Kuotesha damu hukosa wagonjwa wengi wa homa ya matumbo, hasa waliokwishameza vidonge vya dukani kabla ya kuja. Ukimpima mtu kwa rula iliyopinda, utampinda naye. Anayekuja na kipimo kipya lazima aseme amekilinganisha na nini, na huyo mwamuzi wake anakosea upande gani. Wakati mwingine kipimo kipya kinaonekana kinadanganya kumbe ndicho kilichoona.

Sasa tuseme mashine imefika. Mnajua inavyokuja: mashine bure, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ununue kwetu kwa miaka mitano. Inafunguliwa, inapigwa picha, mganga mkuu anakata utepe, na jioni hiyo hiyo inatoa majibu ya wagonjwa. Hapo ndipo nagombana na watu. Namba za kijikaratasi zimepatikana kwenye maabara ya mtengenezaji, yenye kiyoyozi, maji safi, umeme usiokatika na fundi anayeifanya kazi hiyo moja tangu asubuhi. Kwako umeme unakatika saa nane, na zamu ya usiku kuna mtu mmoja anayepima damu, anayetoa damu na anayefungua mlango.

Utaratibu mmoja unaotumika sana ni mwepesi tu. Chukua sampuli ya kudhibiti, au kidhibiti, ile ambayo jibu lake linajulikana, ipime mara tano kwa siku, kwa siku tano. Unapata majibu 25, na hayo yanakuonyesha mashine inayumba kiasi gani ikiwa mikononi mwako. Kisha chukua sampuli za wagonjwa, 20 au 40, uzipime kwenye mashine ya zamani na mpya. Lakini ziwe za chini, za kati na za juu. Nimeona watu wakikusanya damu za wafanyakazi wenzao, wote wazima, sukari 4.9, 5.1, 5.0, halafu wanaandika kwamba mashine zinakubaliana. Anayekuja na sukari 28 akiwa amezimia, mashine hiyo mmeijaribu lini kwa ajili yake?

Halafu kuna ule ugonjwa wa kuchora mstari na kutangaza "ulandano ni 0.99", yaani majibu ya mashine mbili yanapanda na kushuka pamoja. Mwaka 1986 Waingereza wawili, Bland na Altman, waliandika kwenye jarida la Lancet kuonyesha kwamba namba hiyo haijibu swali letu. Fikiria mashine inayosoma mara mbili ya ukweli kila mara. Sukari 5 inaiita 10, 8 inaiita 16. Ulandano wake na mashine nzuri ni kamili, 1.00, na inakuulia watu. Walichopendekeza ni kitu ambacho hata mjomba wangu wa bucha angekielewa: toa hii kwenye ile, tazama tofauti, kisha jiulize kama daktari anaweza kuivumilia tofauti hiyo. Jibu la mwisho linatoka wodini.

Niwape aibu yangu. Nikiwa kijana, kwenye maabara ambayo sitaitaja, nilipewa kazi ya kulinganisha mashine mpya ya sukari na ya zamani. Nilikuwa makini, nikapanga mirija yangu ya damu vizuri, asubuhi nikapima yote kwenye mashine ya zamani. Tukala chakula cha mchana. Alasiri nikapima kwenye mpya. Mashine mpya ikasoma chini, sampuli baada ya sampuli. Nikaandika ripoti ndefu, bosi akampigia simu mwakilishi, yakazuka maneno. Baadaye mama mmoja mtaalamu mstaafu aliyekuja kutusalimia akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo damu uliitenganisha?" Sikuitenganisha. Chembe za damu zilikuwa zinakula sukari ndani ya mrija wakati mimi nakula ugali. Kwenye joto la kawaida la chumba sukari hushuka asilimia 5 hadi 7 kwa saa ikiwa plazma haijatenganishwa na chembe. Nilikuwa nimepima urefu wa mapumziko yangu ya mchana. (Kicheko ukumbini.)

Mnacheka, lakini mirija inayokuja kwa bodaboda kutoka zahanati ya mbali, ikipita juani, inafanya hivyo hivyo leo.

Najua kuna swali mnalisubiri, basi nilimalize kabla halijaulizwa: papai. Mei 2020 Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, na zikatoka chanya kwa korona. Siasa yake waachieni wenyewe. Kiufundi, wazo la kupeleka sampuli za siri si geni wala si baya. Mwaka 1947 Belk na Sunderman walituma sampuli zenye majibu yanayojulikana kwenye maabara za Pennsylvania, Marekani, na majibu yaliyorudi yalitia aibu kiasi cha kuanzisha utamaduni mzima wa kupimwa kutoka nje. Lakini jiwe la kupimia mizani lazima liwe kitu ambacho mizani hiyo imetengenezwa kukibeba. Kipimo kilichothibitishwa kwa makamasi ya binadamu hakijathibitishwa kwa maji ya papai, na baadhi ya vipimo vya aina ile hutafuta pia chembechembe za urithi za binadamu. Zisipoonekana, na virusi navyo visionekane, jibu sahihi ni "sampuli haifai", si hasi. Ukitaka kuitega maabara kwa haki, ipelekee makamasi ya binadamu ambayo jibu lake unalijua.

Na kipimo kikishapokelewa hakiachwi. Vipimo vingi vya haraka vya malaria, hivi vya mRDT, vinamtafuta mdudu kwa protini iitwayo HRP2. Vilikuja kutuokoa na kutibu malaria isiyokuwepo. Utafiti uliotoka mwaka 2004, kwenye hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa nchi hii, ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali, walioonekana na vimelea kwenye darubini walikuwa 2,062, chini ya nusu. Sasa kuna vimelea vilivyopoteza jeni la kutengeneza protini hiyo. Viko kwenye damu, kipimo kinasema hamna. Eritrea vilionekana kwa wingi mpaka wakabadilisha kipimo mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadili pale vimelea hivyo vinapoficha zaidi ya asilimia 5 ya malaria ya falciparum, ile aina kali zaidi. Boksi ni lile lile, kijikaratasi ni kile kile, mdudu ndiye aliyehama.

Nirudi kwenye jiwe letu la asubuhi. Chati tunayochora ya kidhibiti tunaiita Levey-Jennings, kwa majina ya walioileta maabara mwaka 1950, nao waliiazima kwa Shewhart, aliyeianzisha mwaka 1924 kwa ajili ya kiwanda cha vifaa vya simu. Mstari wa katikati ni wastani, juu na chini kuna mipaka, kila siku unaweka nukta. Zikianza kupanda ngazi upande mmoja, mashine inaegemea. Zikiruka huku na huku, inayumba. Hata mtoto anaisoma.

Mipaka ile ya kwanza, ya mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha jinsi nukta zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani), inabeba karibu asilimia 95 ya nukta za mashine nzima kabisa. Maana yake mashine isiyo na tatizo lolote itatoka nje ya mipaka hiyo kama mara moja kila siku ishirini, kwa bahati tu. Ukipima kidhibiti mara 300 kwa mwaka, tegemea nukta kama 14 zilizotoka.

Kwa hiyo nikitembelea maabara siangalii kwanza vyeti ukutani wala nyota za SLIPTA, mpango wa kupima ubora wa maabara Afrika, ingawa nyota ni kazi na nawapongeza wenye nazo. Naomba daftari la kidhibiti, nafungua, natafuta siku mbaya. Natafuta ukurasa ulioandikwa: leo kidhibiti kimetoka, tumesimamisha majibu, tumebadilisha kitendanishi, tumerudia, saa nne na nusu tumeendelea, na saini. Mwaka jana niliingia kwenye maabara moja yenye daftari safi kama limetoka dukani, miezi kumi na miwili, nukta zote ndani. Nikamuuliza kijana wa zamu, kidhibiti kikitoka huwa mnafanyaje? Akanijibu kwa uaminifu mkubwa, na sikumlaumu, maana alifundishwa hivyo: "Tunakirudia mpaka kiingie, mwalimu, halafu tunaandika kile kilichoingia."