Usinisifu, nijibu

Wazee wangu shikamooni, wenzangu habari za saa hizi. Mratibu aliponipigia simu aliniambia dada uje uongee kuhusu kuwa mwandishi mwenye ulemavu ndani ya jamii, uwape watu moyo kidogo. Hilo la kuwapa moyo ntaliacha, moyo mnao, toka asubuhi nimekaa hapa nawasikiliza mnavyoghani. Mi nina jambo moja tu: mwandishi asiyeona anakuwa mwenzenu siku mnapoanza kumjibu, na mkiwa bado mnamsifu tu basi bado ni mgeni wenu.

Nieleze. Mtu asiyeona anapandishwa jukwaani ameshikwa mkono, makofi yanaanza kabla hajafungua mdomo, anaghani shairi lake beti saba, makofi tena, anashuka, watu wanamfata "hongera sana dada, yaani pamoja na hali yako". Basi, imeisha. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ubeti wa nne umeachana na kituo, ule mstari wa kufungia ubeti, hakuna aliyemwambia hapo mimi sikubaliani na wewe, hakuna aliyekwenda nyumbani akakosa usingizi kwa sababu ya lile shairi. Yeye ndo kasifiwa, shairi hata halikusikika. Nimepitia hayo mara nyingi, na kuna mahali nilialikwa nikapigwa picha nyingi sana na wageni rasmi alafu ikafika zamu ya washairi kusoma jina langu halimo kwenye orodha, nikakaa pale mpaka mwisho. Sisemi ni wapi, haina haja. Nasema tu kwamba yale makofi na ile orodha ni vitu viwili tofauti.

Sasa pwani yetu hii ushairi haujawahi kuwa kazi ya mtu mmoja kajifungia chumbani, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana wengi mnalijua hili ila hatulitumii. Muyaka bin Haji wa Mombasa, karne ya 19 mwanzoni huko enzi za watawala wa Mazrui, anatunga shairi kuwasema watu wa Lamu na Lamu kule yuko Zahidi Mngumi anamjibu. Wanakejeliana, wanatishiana, vita vyenyewe viko njiani, na ushairi unakwenda na kurudi baharini. Ndo jamii hiyo! Wale walikuwa maadui kabisa na bado kila mmoja alimhesabu mwenzake ni mshairi, maana usingepoteza vina vyako kumjibu mtu ambaye humhesabu.

Alafu jambo la pili kuhusu Muyaka. Kuna watu wananiuliza, tena waandishi wenzangu, eti wewe ukimtamkia mtu akakuandikia, shairi si linakuwa nusu lake? Nikisikia hivo huwa nasikitika kweli. Mashairi ya Muyaka yalibaki midomoni na vichwani mwa watu wa Mombasa miaka na miaka, mpaka mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua, msomi wa palepale Mombasa, akamsaidia mmisionari wa Kiingereza, Taylor, kuyakusanya, na diwani yenyewe ikaja kuchapishwa 1940, karibu miaka 100 toka mwenyewe afariki. Mkono ulioandika, sikio lililosikia, kichwa kilichohifadhi, vyote vya watu tofauti, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusema Muyaka ni nusu mshairi. Sasa mimi kumtamkia mdogo wangu beti jioni akaziandika kumeharibu nini? Hiyo ndo njia ya zamani kabisa ya kutunga hapa kwetu, walioona waliitumia na sisi tunaitumia.

Na mnaosema asiyeona watu watamwonea huruma tu hawezi kupingwa, tazameni Misri. Mwandishi Taha Hussein alizaliwa 1889 huko Misri ya Juu, akapoteza macho akiwa mtoto mdogo, akapita chuo cha Kiislamu cha Al-Azhar, akachukua shahada ya udaktari Chuo Kikuu Cairo 1914, na tasnifu yake ilimhusu Al-Ma'arri, mshairi wa Syria wa karne ya 11 ambaye naye alikuwa haoni. Akaenda Ufaransa akachukua shahada nyingine ya udaktari chuo cha Sorbonne. Vitabu vyake alitamka, makatibu wakaandika. Sasa 1926 akatoa kitabu akisema mashairi mengi yanayoitwa ya Waarabu wa kabla ya Uislamu yalitungwa baadae, baada ya Uislamu kuja. Jamani! Misri nzima ikawaka. Masheikh wakampinga, vitabu vizima vikaandikwa kumjibu, bungeni akatajwa, akafikishwa kwa mwendesha mashtaka akahojiwa, mwaka uliofata jalada likafungwa. Na 1950 akawa waziri wa elimu. Sisemi nilifurahia yeye kusumbuliwa, kuhojiwa kwa sababu ya kitabu ni jambo baya. Lakini wale waliomjibu walikaa wakamsoma ukurasa kwa ukurasa, wakatafuta hoja, wakakesha. Hakuna aliyesema muacheni maskini haoni. Mimi heshima naiona pale.

Kwangu mimi ilikuja kupitia shairi la mahari. Nilitunga nikisema mahari siku hizi imekuwa bei, wazazi wapunguze, nikaliweka kwenye kundi letu la WhatsApp la washairi. Kesho yake mzee mmoja wa huku Pangani kanijibu. Vina vyangu vilevile, mizani ileile, kachukua kituo changu kakigeuza kimenirudia mwenyewe, anasema wewe binti unataka wazee wawe wageni kwenye ndoa za watoto wao. Nilikasirika sana na nilifurahi sana, vyote pamoja, nikamjibu. Tukaenda hivo, watu wakaingia upande huu na upande ule, mwengine kaleta ubeti wa suluhu akafukuzwa na pande zote mbili. Kwenye kundi lile wengi walikuwa hawanijui kwa sura. Katikati ya malumbano mtu mmoja, kwa nia njema najua, akaandika "mzee punguza ukali, huyu dada ni mlemavu wa macho". Mi nikajua imekwisha, sasa ataomba radhi atanisifu. Mzee hakuandika kitu siku ile. Siku iliyofata akaleta beti tisa kali kuliko zote, hakutaja macho yangu popote, alitaja hoja yangu ya ubeti wa pili kwamba haina miguu. Toka siku hiyo yule ni babaangu, nikienda Pangani nafikia kwake, na kuhusu mahari mpaka leo hatujakubaliana.

Lakini ili unijibu lazima kwanza mimi nikusome, na hapo ndo penye shida ambayo wengi hamuijui kwa sababu haiwagusi. Makundi yetu mengi sasa mtu akitunga anaweka shairi juu ya picha ya maua, machweo sijui, linapendeza nasikia. Simu yangu ina programu ya kusoma kwa sauti, ikifika pale inaniambia "picha". Basi, neno moja. Shairi lako la beti kumi na mbili kwangu ni neno "picha". Tafadhali bandika na maandishi yake chini, ni kunakili na kubandika tu. Vivyo hivyo wachapishaji, kitabu kikiskaniwa kurasa kama picha kikaitwa PDF, kompyuta yangu inakaa kimya au inanisomea takataka. Nipe faili la Word au EPUB, lile ambalo unalo tayari hapo ofisini kwako maana kitabu hakikuanzia kwenye karatasi.

Ile programu ya kusoma kwa sauti ninayotumia kwenye kompyuta inaitwa NVDA, ni ya bure, Michael Curran wa Australia, naye haoni, alianza kuitengeneza 2006 kwa sababu zile za kununua bei yake hazishikiki. Ina sauti inayosoma Kiswahili. Sauti yenyewe ngumu haina uhai, lakini inatamka kila silabi, na kwa mtu anayehesabu mizani hiyo ni neema. Mtu akikuwekea sauti ya Kiingereza ikasoma Kiswahili, silabi zinamezwa, mizani yote inavunjika, huwezi kujua shairi ni bovu au msomaji ndo mbovu.

Na sheria ipo, isisemwe haipo. 2013 pale Marrakesh, Moroko, nchi zilikubaliana mkataba unaoruhusu vitabu vigeuzwe kuwa nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, au sauti au faili la kusomeka kwa ajili ya wasioona bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, na nakala zivuke mipaka. Kenya iliingia 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Maana yake riwaya ya Kiswahili ikishageuzwa Nairobi na taasisi inayohusika, haina sababu igeuzwe upya Dar es Salaam kuanzia ukurasa wa kwanza. Kiswahili ni kimoja, kazi ingefanywa mara moja tukagawana. Waandishi mliopo hapa msiogope mkataba huu, hauwanyang'anyi kitu, unawaongezea wasomaji ambao mlikuwa hamna.

Niseme na jamii yangu nyingine, ya wasioona wenzangu, maana kule nako kuna deni. Hizi nukta nundu ninazosomea, nukta zisizozidi sita kwa kila herufi, alizibuni Louis Braille akiwa kijana mdogo kwenye shule ya wasioona Paris miaka ya 1820. Kabla yake wasioona walipewa herufi za kawaida zilizotutumuliwa kwenye karatasi, kubwa, nzito, zimepangwa na wanaoona zikapendeza macho yao. Na shule ileile ikaja kuzipiga marufuku zile nukta miaka ya 1840, wanafunzi wakaendelea nazo kwa siri mpaka zikarudishwa. Watoto wale ndo walioniachia mimi kusoma. Kwaiyo nikiambiwa na wenzangu andika habari zetu, nawaelewa kabisa, nani mwengine ataziandika. Ninachokataa ni ile "andika habari zetu tu". Mimi nina maneno kuhusu mahari, kuhusu bandari, kuhusu mume wa jirani, kuhusu mvua za vuli zisizofika. Na nikiandika asiyeona nataka awe na choyo akitaka, awe mchawi, apende mtu asiyemfaa. Wenzangu wengine hawalipendi hili, wanasema unatuchafua, tumeshachafuliwa vya kutosha. Ni hoja nzito, sijaimaliza kichwani, na nawaomba wanijibu kwa maandishi.

Jambo dogo la mwisho ila linaniuma. Mtu anayenisomea na kuniandikia anafanya kazi. Mkinialika, nauli yake na posho yake ziwekwe kwenye bajeti toka mwanzo, asiitwe "uliyekuja naye". Mdogo wangu huyu hapa anajua vina kuliko nusu ya waamuzi wa mashindano niliyowahi kushiriki. Na nikigusa hayo ya waamuzi, mwaka ujao wekeni asiyeona kwenye jopo lenu, tumezoea kupima shairi kwa sikio, na shairi la Kiswahili sikioni ndo kwake.

Haya. Nimesema mahari imekuwa bei, nimesema waandishi mnabandika picha, nimesema wasioona wenzangu waniachie niandike wabaya wetu. Maikrofoni naiachia. Kuna mzee hapo nyuma kushoto aliguna mara mbili nilipotaja mahari, nimemsikia, aanze yeye, na kama ana ubeti ndo vizuri zaidi.